Mwajiri akipuuza iqama: Haki za mfanyakazi aliye Uarabuni

KATIKA mitaa ya Kisauni kama vile Magogoni, Mlaleo na Mtopanga, si ajabu kupata familia yenye binti au kijana anayefanya kazi katika nchi za Ghuba. Aghalabu huondoka nyumbani akiwa na viza halali. Taabu huanza baadaye, pale mwajiri anapokosa kumkatia kibali cha ukaazi, au anapokiacha kikaisha muda bila kukihuisha.

Hapo mfanyakazi hugeuka mhalifu machoni pa polisi kwa kosa asilolitenda. Huogopa kutoka nje, huogopa kwenda hospitalini, na hathubutu kudai mshahara wake. Je, sheria inamlinda vipi?

Wajibu ni wa nani?

Nchini Saudi Arabia, viza ya kazi humwezesha mtu kuingia tu. Baada ya hapo ni sharti mwajiri, yaani kafili, amkatie iqama. Kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya nchi hiyo ya mwaka wa 2005, ni mwajiri anayelipa ada za iqama na za kuihuisha, pamoja na faini zinazotokana na kuchelewa kwake. Mfanyakazi asikubali kukatwa mshahara kwa ajili hiyo.

Nchini Qatar, sheria ya mwaka wa 2015 humtaka mwajiri akamilishe kibali cha ukaazi katika muda wa siku 30 tangu mfanyakazi kuingia nchini.

Kubadilisha mwajiri

Mageuzi yaliyoanza Machi 2021 nchini Saudi Arabia yaliwaruhusu wafanyakazi wa sekta ya kibinafsi kuhamia kwa mwajiri mwingine bila idhini ya yule wa kwanza, endapo iqama au kibali cha kazi kimeisha muda, au mshahara haujalipwa kwa miezi mitatu mfululizo.

Hata hivyo, mageuzi hayo hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia, watunza bustani na wachungaji. Hao wana kanuni zao, ambazo pia huorodhesha hali zinazoruhusu uhamisho bila ridhaa ya mwajiri, ikiwemo kutohuishwa kwa iqama.

Malalamiko hupelekwa kwa wizara inayosimamia kazi. Kwa wafanyakazi walio chini ya Sheria ya Kazi, ofisi hujaribu kwanza kuwapatanisha wahusika katika muda wa siku 21. Upatanisho ukishindikana, shauri huendelea katika mahakama za kazi, zilizoanzishwa mwaka wa 2018. Madai yafaa kufunguliwa kabla ya miezi 12 kupita tangu kazi kukoma.

Jihadhari na kutoroka

Kosa linalowagharimu wengi ni kuondoka kwa mwajiri kabla ya kupeleka malalamiko. Mwajiri huwahi kutoa ripoti ya kutoroka, iitwayo huroob, na lawama yote ikamwangukia mfanyakazi. Ni heri malalamiko yatangulie.

Lakini anayepigwa, kudhulumiwa kingono au kunyimwa chakula asingoje karatasi. Akimbilie polisi au ubalozi wa Kenya jijini Riyadh. Ikiwa pasipoti yake imezuiliwa, ubalozi una uwezo wa kumpa hati ya dharura ya kusafiria.

Njia zilizopo nyumbani

Wakala aliyempeleka mfanyakazi hawezi kunawa mikono. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inaagiza kuwa mkataba wa kazi ya ng'ambo utiwe sahihi na pande zote na kuidhinishwa na afisa wa kazi. Ikiwa mwajiri anaishi nje ya Kenya, wakala wake hutakiwa kuweka dhamana kuwa mkataba utatimizwa. Anayemshawishi mtu kwenda ng'ambo bila mkataba rasmi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh200,000, kufungwa miezi sita, au adhabu zote mbili.

Familia iliyoko Kisauni inaweza kumshtaki wakala kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo ndiyo inayosajili mawakala, au kwa afisa wa kazi mjini Mombasa. Idara ya Serikali ya Masuala ya Wakenya walio Ng'ambo, iliyoundwa mwaka wa 2022, nayo hupokea taarifa za walio taabani.

Madai ya kuvunjwa kwa mkataba yanaweza kufikishwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa Mombasa pia, kabla ya miaka mitatu kupita. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada wa Kituo Cha Sheria. Ikiwa mfanyakazi alidanganywa ili akatumikishwe kwa nguvu, hilo ni suala la polisi: Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka wa 2010 huweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua Sh30 milioni.

Ushahidi ni karatasi

Njia hizi zote zahitaji ushahidi. Kabla ya kupanda ndege, msafiri aache nyumbani nakala za pasipoti, viza, mkataba na leseni ya wakala. Akifika, atume picha ya iqama mara tu aipatapo, na kuiandika tarehe itakapoisha. Siku simu yake itakaponyamaza, karatasi hizo ndizo mama yake atakazobeba hadi ofisi ya kazi.