Uongo Wenye Tanbihi

Mwaka 1996, mwandishi Mwingereza kwa jina David Irving alimshtaki profesa Mmarekani, Deborah Lipstadt, katika korti ya London. Nikiwaambia watu hivi wengi hudhani nimegeuza majina. Sijageuza. Irving ndiye aliyekuwa akidai kwamba Auschwitz hakukuwa na vyumba vya gesi vya kuulia watu. Lipstadt ndiye aliyeandika kitabu, mwaka 1993, akimtaja Irving kati ya wanaokanusha Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 chini ya Hitler. Lakini aliyeburutwa kortini ni Lipstadt, pamoja na wachapishaji wake, Penguin. Jamaa aliyezunguka dunia akilia kwamba anazibwa mdomo ndiye aliyeenda kutafuta sheria imsaidie kuziba mdomo wa mwingine.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala huu kwa kawaida huanzia kwingine. Huanza na lile swali ambalo nimeulizwa na marafiki zangu zaidi ya mara moja, mara ya mwisho ikiwa saa sita usiku na klipu imeambatishwa: kama hiyo Holokosti ni kweli, mbona inalindwa na polisi? Ni swali zuri. Ubaya ni kwamba wanaolisambaza sana huwa hawangoji jibu.

Ni kweli kuna nchi ambako kukanusha ni jinai. Austria ina sheria ya 1947 ya kupiga marufuku Unazi, iliyoongezewa kipengele cha kukanusha mwaka 1992. Ufaransa ilipitisha yake Julai 1990, inaitwa sheria ya Gayssot. Ujerumani iliandika kosa hilo waziwazi katika kifungu cha 130 cha kanuni zake za adhabu mwaka 1994, na adhabu inaweza kufika miaka mitano jela. Ukiangalia orodha hiyo utaona si nchi zilizookotwa tu. Ni nyumba ambamo mambo yenyewe yalipangwa, au ambamo polisi wa nyumbani walisaidia kukusanya watu na kuwapakia kwenye treni. Tena kukanusha hakukuanza na maprofesa wa miaka ya sabini. Kulianza na wauaji wenyewe: walirudi kufukua makaburi ya halaiki ili wachome maiti, na kabla ya kukimbia Auschwitz Januari 1945 wakalipua majengo ya vyumba vya gesi. Anayesimama leo na kuuliza ushahidi uko wapi anamalizia kazi ambayo wao hawakumaliza. Hivyo ndivyo Wajerumani wanavyoielewa sheria yao, na mimi siwaoni wajinga.

Sasa turudi London, kwa sababu huko ndiko mambo yalikuwa matamu.

Katika sheria ya Uingereza ya kuharibia mtu jina, aliyeandika ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli. Lipstadt hangeweza kusimama na kusema "hayo ni maoni yangu" kisha arudi nyumbani. Ilibidi mawakili wake waonyeshe kwamba Irving alipotosha historia, na alifanya hivyo makusudi. Wakamwajiri Richard Evans, mwanahistoria wa Cambridge, yeye na wasaidizi wake wawili wakakaa zaidi ya miaka miwili wakifanya kazi ambayo hakuna mtu angeilipia tiketi aitazame: kufuata tanbihi. Irving alikuwa maarufu kwa tanbihi. Vitabu vyake vilijaa nyaraka, tarehe, namba za mafaili. Hata wanahistoria wasiopenda siasa zake walikuwa wakimsifu kwa kuchimba kumbukumbu. Basi Evans na wenzake wakaanza kuchukua kila tanbihi na kwenda kufungua faili lenyewe.

Chukua daftari la simu la Himmler, mkuu wa SS. Tarehe 30 Novemba 1941 Himmler alimpigia simu msaidizi wake Heydrich na kuandika maneno machache: kundi la Wayahudi kutoka Berlin, wasiuawe. Irving akaandika kwamba huo ni ushahidi kuwa Hitler alikataza Wayahudi kuuawa, Wayahudi wote. Lakini daftari linazungumzia treni moja, kutoka mji mmoja. Na watu wapatao elfu moja waliokuwa kwenye treni hiyo walikuwa wameshapigwa risasi asubuhi ileile nje ya Riga. Siku iliyofuata kuna maandishi mengine, yanayosema wakuu wa utawala wa SS wabaki walipo. Neno la Kijerumani "haben" Irving akalisoma "Juden", Wayahudi, na ghafla Himmler anaagiza Wayahudi wabaki walipo. Mwandiko wa mtu unaweza kukuchanganya, sawa. Lakini Evans alionyesha kwamba makosa ya Irving yote yalielekea upande mmoja. Mwenye duka akikosea chenji mara ishirini, na mara zote ishirini wewe ndiye umepunjwa, utaacha kuiita bahati mbaya.

Halafu kuna Dresden, mji wa Ujerumani uliochomwa na mabomu ya Uingereza na Marekani Februari 1945. Irving alitumia waraka uliosema waliokufa ni 202,040. Waraka huo ulikuwa umeghushiwa. Ripoti ya kweli, iliyopatikana mwaka 1966, ilisema 20,204. Kuna mtu wa propaganda ya Kinazi aliongeza sifuri mwishoni. Irving alikiri hadharani mwaka huohuo kwamba ripoti ipo, kisha akaendelea kwa miaka mingi kutangaza idadi kubwa kubwa. Kazi ya ile sifuri ni rahisi kuiona: ukipandisha wafu wa Dresden na kushusha wa Auschwitz, mwishowe mizani inalingana na kila mtu anakuwa na hatia sawa.

Kesi ilianza Januari 2000. Irving alijitetea mwenyewe bila wakili. Upande wa Lipstadt uliamua kutoita hata manusura mmoja wa kambi kutoa ushahidi. Hawakutaka wazee wale wahojiwe na Irving kana kwamba wao ndio wako kwenye majaribio. Tarehe 11 Aprili jaji Charles Gray alitoa hukumu. Akasema Irving ni mkanushaji wa Holokosti, ni mbaguzi, na alipotosha ushahidi makusudi kwa sababu za itikadi. Miaka miwili baadaye Irving alitangazwa mufilisi.

Wapenzi wa uhuru wa kusema huipenda sana hadithi hii. Unaona? Hakuna aliyefungwa, ukweli ulipigana na ukashinda. Mimi pia nilikuwa nikiisimulia hivyohivyo mpaka nilipofika kwenye gharama. Utetezi ule uligharimu karibu pauni milioni 2. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu na sasa naandika kwa kulipwa kwa neno, pesa zenyewe zikija zimechelewa. Mtu mwenye wakili akinitumia barua ya kurasa mbili kuhusu jambo nililoandika, hata liwe kweli tupu, makala hiyo itakuwa imefutwa kabla chai haijapoa. "Acha ukweli ujitetee" ni maneno ya mtu ambaye ana wa kumlipia mawakili.

Hata hivyo, jela nayo haikufanya kazi nzuri. Novemba 2005 Irving alikamatwa Austria kwa hotuba alizotoa huko mwaka 1989. Tarehe 20 Februari 2006 aliingia kortini Vienna akiwa na pingu na kitabu chake mkononi, akakiri kosa, akasema sasa anaamini vyumba vya gesi vilikuwepo, akapewa miaka mitatu. Desemba akaachiliwa. Jamaa ambaye London ilimwacha hana jina wala senti, Vienna ikamrudisha kwenye kurasa za mbele duniani kote, tena akiwa mfungwa wa maneno. Lipstadt mwenyewe, aliyekuwa na kila sababu ya kufurahi, alipinga hadharani asifungwe.

Kuna mwingine aliyepinga sheria hizi ambaye namheshimu kuliko wote. Pierre Vidal-Naquet alikuwa mvulana wa miaka 13 wazazi wake walipokamatwa Marseille, Mei 1944, wakapelekwa Auschwitz. Hawakurudi. Alikua akawa mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, na profesa wa fasihi wa Lyon, Robert Faurisson, alipoanza kuandika mwishoni mwa miaka ya sabini kwamba vyumba vya gesi ni uvumi, Vidal-Naquet aliacha Wagiriki wake akamjibu kwa maandishi, hoja kwa hoja. Alikataa kujadiliana naye uso kwa uso; inatosha, alisema, kujadili habari za wakanushaji bila kujadiliana nao. Lakini sheria ya Gayssot ilipokuja aliikataa. Na si kwa upole wa moyo. Huyu ndiye aliyefichua, wakati wa vita vya Algeria, kwamba jeshi la Ufaransa lilikuwa likitesa watu huku serikali ikikana. Alijua serikali inavyoweza kudanganya, hivyo hakutaka kuikabidhi funguo za ukweli.

Historia ikampa haki upesi. Februari 2005 bunge lilelile la Ufaransa lilipitisha sheria iliyotaka shule zifundishe mchango mwema wa ukoloni wa Kifaransa, hasa Afrika Kaskazini. Wewe kijana wa bara hili, isome tena sentensi hiyo. Desemba mwaka huo wanahistoria 19, yeye akiwemo, walitoa tamko kwamba si kazi ya bunge kuandika historia. Kipengele kile kiliondolewa mwaka 2006, mwaka ambao Vidal-Naquet alifariki.

Huku kwetu jambo hili si la mbali. Rwanda ina sheria za kuadhibu kukanusha mauaji ya kimbari ya Watutsi, na asiyeelewa kwa nini na atazame kesi iliyoamuliwa Arusha mwaka 2003, ambako mmoja wa waliohukumiwa kwa ajili ya redio ya RTLM, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia chuo kikuu. Katika nchi kama hiyo maneno si maneno tu. Lakini Januari 2010 mwanasiasa wa upinzani, Victoire Ingabire, alirudi Kigali kutoka Uholanzi, akaenda kwenye makumbusho ya Gisozi na kusema Wahutu waliouawa nao wakumbukwe. Alihukumiwa miaka 8, na Mahakama ya Juu ikapandisha hadi 15. Novemba 2017 Mahakama ya Afrika, inayokaa hapo Arusha, ikaamua kwamba uhuru wake wa kusema ulivunjwa. Haikusema nchi haiwezi kuadhibu ukanushaji. Ilisoma alichosema, ikaona hakukanusha mauaji ya kimbari. Aliachiliwa Septemba 2018, kwa msamaha wa rais.

Kwa hiyo rafiki yangu wa saa sita usiku, jibu langu ni hili. Ningewaachia Wajerumani sheria yao. Wao wanajilinda dhidi ya nafsi zao. Lakini nisingeiazima. Katiba yetu, kifungu cha 33, tayari inakataza kuchochea vurugu na kueneza chuki, na hata hivyo vipimo viwili hatujaviweza vizuri. Sijamwona bado mbunge ninayeweza kumpa cha tatu, cha kuamua nini kilitokea.

Nakala za kesi ya London zimewekwa mtandaoni na chuo kikuu cha Emory, anakofundisha Lipstadt, na kuzisoma ni bure. Ni nyingi, bando litaisha. Anza na siku ambazo Evans alikuwa kizimbani.