Vita Vilivyotujia kwa Maji: Ziwa Tanganika, 1914

Katika mafundisho ya Waamuzi 5 tuliona jinsi Debora alivyowakemea waliobaki nyumbani siku ya vita: Dani penye merikebu zake, Asheri pwani kwake, na mji wa Merozi ukalaaniwa. Sisi wahubiri tunampenda sana Merozi. Kila mtu asiyesimama upande wetu tunamwita Merozi. Lakini ziwa letu lina habari nyingine, nasi tumeona vema kuiandika.

Mwaka 1885 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin, wakaandika kwamba nchi za bonde la Kongo zingeweza kukaa nje ya vita vyao. Leopold II akatangaza mwaka ule ule kwamba Kongo yake haina upande. Ubelgiji wenyewe nao ulikuwa hivyo tangu mkataba wa 1839. Kongo ilipogeuka kuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, tulikuwa basi chini ya karatasi mbili za amani. Hakuna hata mzee mmoja wa Uvira, wa Fizi wala wa Lukuga aliyeitwa kuziweka sahihi.

Tarehe 4 Agosti 1914 Wajerumani waliingia Ubelgiji kwa nguvu. Hata hivyo, huku kwetu serikali ya koloni iliamriwa ijilinde tu, isianze vita. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na huko Berlin, Septemba ya mwaka ule, serikali yao iliandika mpango wa kuwa na milki moja kubwa katikati ya Afrika. Kongo ilikuwa njiani.

Hawakungoja. Tarehe 15 Agosti walishuka Mokolobu, kijiji cha karibu na Uvira, wakavunja mitumbwi na kukata waya wa simu. Tazameni walichoanza nacho: mitumbwi ya wavuvi! Siku saba baadaye meli yao Hedwig von Wissmann ilifika Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, ikaipiga kwa mizinga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, hata isifae tena kwa vita. Kabla mwezi haujaisha, serikali ya Ubelgiji iliruhusu askari wa Kongo kushambulia. Hivyo nchi isiyo na upande ikapata upande. Mokolobu haikuwa Merozi, wapendwa. Mokolobu haikuulizwa.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja ziwa lilikuwa la Wajerumani. Mwaka 1915 waliongeza meli kubwa, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa Kigoma. Ndipo Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo reli ilikwisha, na mbele ilisimama milima ya Mitumba.

Hapa vitabu vingi huwasifu maofisa. Sisi tungependa kukaa kidogo na wengine. Vijana wa Katanga walikata miti, wakafyeka njia, wakajenga madaraja, wakavuta kamba pamoja na ng'ombe. Mashine za moshi zilipokosa maji, wanawake wa vijiji waliyabeba kichwani ili mashua za vita zipite. Majina yao hayakuandikwa.

Mashua zilifika Lukuga mwishoni mwa Oktoba. Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, meli ya Wajerumani iitwayo Kingani ilionekana. Inasimuliwa kwamba kamanda Spicer-Simson alikuwa akiongoza ibada, akaimaliza kwanza, ndipo wakatoka. Mapigano yalichukua dakika chache tu; Kingani ikatekwa. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig nayo ikazama. Julai, askari wa Force Publique walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito zisiharibike. Septemba Wakongo wale waliingia Tabora, na nyuma yao maelfu ya wapagazi, ambao wengi walikufa kwa njaa na ugonjwa kuliko kwa risasi. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ulipewa Rwanda na Burundi. Wapagazi waliobaki walirudi mashambani.

Götzen iliinuliwa kutoka majini, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha nyumbani wakimbizi wetu zaidi ya 75,000. Huenda wewe unayesoma ulikuwa mmoja wao, na mtoto mgongoni, juu ya sitaha ya meli ile ile.