Kipya Kinyemi: Meli za Pemba na Umri wa Chuma

Pemba hakuna treni. Anayetoka Wete, Chake Chake au Mkoani kwenda Unguja hupanda ndege ndogo au meli, na kwa wengi ni meli tu. Mapenzi ambayo wakaazi wa miji mikubwa huyaweka kwenye treni zao, Wapemba wameyaweka kwenye vyombo vya baharini. Utawakuta watu wanaoijua meli kwa honi yake kabla hawajaiona, wanaojua ipi huhimili mkondo wa Nungwi na ipi huyumba. Meli mpya ikija badala ya kuukuu, mabishano barazani hayaishi siku moja.

Mabishano hayo yana historia ndefu. Zama za Usultani, meli ya serikali iliitwa Seyyid Khalifa, kwa jina la Sultani aliyetawala tangu 1911 hadi 1960. Januari 1964, Sultani Jamshid aliikimbia nchi ndani ya meli hiyo. Baada ya Mapinduzi, majina ubavuni mwa meli za serikali yakageuka: Jamhuri, Mapinduzi, Maendeleo. Mtu angeweza kuisoma siasa ya visiwa kwa kusimama gatini tu.

MV Mapinduzi na MV Maendeleo ndizo zilizolea kizazi kizima. Zilikwenda taratibu, usiku kucha. Abiria walitandika mikeka sitahani, katikati ya magunia, mikungu ya ndizi na matenga ya kuku. Zilibeba wachumaji wa karafuu, wanafunzi, wagonjwa waliopewa rufaa, mabwana harusi na maiti waliorudishwa kuzikwa kwao. Ndiyo maana wazee wakizitaja huzitaja kama jamaa.

Hapa methali mbili hupigana. Moja husema ya kale ni dhahabu. Nyingine husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ya pili ndiyo iliyotugharimu, kwa sababu bandarini neno “mpya” lilikuwa na maana yake peke yake: meli mpya ilikuwa ile iliyowasili karibuni. Ilikotoka na umri wake yalikuwa maswali ya wachache.

MV Spice Islander I ilikuwa mpya kwa namna hiyo. Iliundwa Ugiriki mwaka 1967, ikaitwa Marianna, ikatumika huko kwa miongo kadhaa kabla ya kuletwa kwetu. Usiku wa kuamkia Jumamosi, Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kuelekea Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Baadhi ya walionusurika walielea kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa sehemu ya mizigo. Miili zaidi ya 200 ilipatikana. Wengi zaidi hawakuonekana tena. Wapiga mbizi walikuja kutoka Afrika Kusini, lakini kina kilikuwa kirefu mno kwao. Tume ya uchunguzi ilibaini kuwa meli ilipakia watu zaidi ya 2,000, ilhali uwezo wake ulikuwa kiasi cha 600.

Haukutimia mwaka, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Nayo ilikuwa imefika mwaka mmoja tu kabla. Iliundwa Marekani mwaka 1989 na kuvusha watu Seattle, kwenye ghuba iliyokingwa na nchi kavu. Maji yetu ya Kusi si maji ya ghuba. Siku chache baadaye Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu.

Ni rahisi kumaliza hapo kwa kuulaani uzee. Lakini tazama New York. Tarehe 9 Januari 2022 mashabiki wa treni walijazana, kamera mkononi, kwenye safari ya mwisho ya mabehewa ya R32. Yalikuwa yameanza kazi mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi yetu. Yalistaafu yakiwa na miaka 57, yakapigiwa makofi. Spice Islander ilizama ikiwa na miaka 44. Kumbe chuma kinaweza kuzeeka kwa heshima, kama kuna anayekikagua na anayewahesabu wanaopanda. Hata mabehewa mengi ya zamani ya mji huo yalizamishwa baharini, pwani ya Delaware na kwingineko, yawe makaazi ya samaki. Yalizamishwa matupu.

Desemba 2015 iliwasili MV Mapinduzi II, iliyoundwa Korea Kusini kwa agizo la Serikali ya Zanzibar, yenye nafasi ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Hii haikuwa na jina la zamani lililopakwa rangi juu yake. Leo, ndani ya meli za kisasa, kuna viti vya safu, televisheni na kiyoyozi kinachowafanya akina mama wajifunike kanga mbili. Mikeka imepungua, na mazungumzo ya usiku kucha pia. Anayelalamikia hilo ana haki yake.

Ila wale wanaokaa barazani wakibishana kuhusu injini na mwaka wa kuundwa meli wasichekwe. Maswali yao ndiyo yaliyostahili kuulizwa Malindi usiku ule wa Septemba, kabla kamba hazijafunguliwa. Ningependa kila tiketi ya Pemba ichapwe mambo mawili: mwaka chombo kilipoundwa, na idadi ya watu ambao kinaruhusiwa kubeba. Nafasi ipo, chini ya jina la abiria.