Moshi wa Bwana Shamba

Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA

Rajabu ameitoa bandani Yamaha AG100 ya marehemu baba yake, bwana shamba Hoza, aliyekutwa amekufa chini ya kona ya Zigi, njia ya kwenda Amani, wakati wa mvua za El Niño. Tangu pikipiki itoke bandani mama yake, Bi Zuhura, hajatia mguu uani. Mzee Kihiyo, fundi wa zamani wa pikipiki za serikali, amefungua kichwa cha injini, akachungulia ndani, kisha akauliza: "Marehemu alikuwa na ugomvi na nani?"

SASA ENDELEA

Hakuna aliyemjibu. Kutoka ndani ilisikika cherehani ya Bi Zuhura, trrr, trrr, ikishona sare za shule ambazo wenyewe walizitaka Jumatatu. Mwanahawa, dada yake Rajabu, aliishusha tochi. Rajabu alicheka, kile kicheko cha mtu anayetaka neno lirudi lilikotoka.

"Babu, baba alianguka kwa sababu breki zilikataa. Muheza nzima inajua hivyo."

"Muheza nzima haijafungua injini hii," alisema Mzee Kihiyo. "Inua tochi, mjukuu wangu."

Silinda haikutaka kutoka. Walikuwa wameimiminia dizeli siku kadhaa, na bado mzee alilazimika kuigonga kwa kipande cha mwembe, huku na huku, akisikiliza kila pigo. Nyundo ya chuma hakutaka hata kuiona. Mapezi ya kupozea injini ni mepesi kukatika, na pezi lililokatika halina spea. Mwishowe iliachia, ikavutika juu kwa mlio mkavu, na pistoni ikabaki imesimama peke yake juu ya mkono wake.

Mzee aliifuta kwa kitambaa, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Haya, tazameni. Injini ya namna hii ikiwa na sili mbovu, inavuta hewa ya wizi, joto linapanda, na pistoni huanza kushika upande wa ekzosi. Alama unaziona upande mmoja. Hii je? Mbele imekwaruzika. Nyuma imekwaruzika. Kulia, kushoto. Alumini imejipaka kwenye ukuta wa silinda mzunguko mzima. Hii haikupata oili."

"Labda iliisha, Babu."

"Ndivyo nami nilivyodhani." Aligonga kwa kifundo cha kidole tangi dogo la oili lililojificha ubavuni. Halikulia utupu. Mwanahawa alifungua kifuniko, akatumbukiza njiti ya ufagio. Ikatoka imelowa oili nzito, nyeusi, karibu urefu wote.

Vijana waliokulia kwenye Boxer na TVS hawana budi kuelezwa hapa. Pikipiki zao ni za mapigo manne: oili hukaa chini ya injini, huzungushwa, hurudi. Yamaha ya bwana shamba ni ya mapigo mawili. Kichwani haina valvu, na petroli hupita kwanza chini, kwenye nyumba ya krenki, kabla ya kupanda kuungua. Kwa hiyo hapo chini hapawezi kukaa oili. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha inakopita, kisha huungua nayo. Ule moshi wa buluu ambao akina mama wa Bombani walikuwa wakiuona kwa mbali wakajua bwana shamba anakuja, ndiyo hiyo oili.

Pikipiki za zamani zaidi zilichanganyiwa oili kwa mkono, ndani ya tangi la petroli, na zilikuwa na ugonjwa wao mmoja mbaya. Kwenye mteremko mrefu dereva hufunga resi. Resi ikifungwa petroli haiji, petroli isipokuja oili nayo haiji, ilhali magurudumu yanaendelea kuizungusha injini kwa kasi ile ile. Inakauka, inashika, gurudumu la nyuma linasimama ghafla. Na barabara ya kutoka Amani kushuka Zigi ni mteremko mtupu, kona juu ya kona.

"Sasa si ndiyo hiyo?" Rajabu aliuliza kwa haraka, kama aliyepewa mlango wa kutokea. "Alikuwa anateremka."

"Zile za kuchanganya ndizo zinazofia mteremkoni. Hii ina pampu." Mzee alikigusa kidude kidogo ubavuni mwa injini. "Yamaha waliileta pampu hii 1964. Haisubiri petroli. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Ukivuta resi inaongeza, ukifunga inapunguza, lakini haiachi kabisa. Oili imejaa tangini, pampu inazunguka, na silinda imekufa kwa kiu. Nipe spana namba kumi."

Alifungua mpira mwembamba unaotoka tangini kwenda kwenye pampu. Mpira ulikuwa umekuwa wa manjano kwa umri, mgumu, hauonyeshi ndani. Upande wa pampu haukutoa hata tone. Aliupuliza, mashavu yakajaa, pumzi ikagoma. Akachukua wembe, akaupasua kwa urefu, taratibu, kama daktari asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Ndani kulikuwa na kijiti cha kiberiti kilichokatwa kichwa. Kilikuwa kimezungushiwa uzi mweusi mara nyingi, ukabana vizuri, kisha kikapakwa nta. Uchafu hauvai uzi.

Mwanahawa alileta kisosi. Mzee akakiweka kijiti humo, na wote watatu wakakiinamia.

"Pampu hii ilikuwa ikiguswa na watu wangapi?" Rajabu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Wawili. Baba yako, na mimi."

"Na mara ya mwisho kuifungua ilikuwa lini?"

"Wiki moja kabla ya kifo chake. Nilimbadilishia gasketi." Mzee Kihiyo hakuyaondoa macho. "Niangalie vizuri, Rajabu. Usinipe spana nyingine mpaka umeniangalia ukaridhika."

Rajabu alimwangalia. Muda ulipita. Kisha akaisogeza kwa mguu spana namba kumi iliyokuwa chini, mbali na mkono wa mzee.

*

Siku nne Mzee Kihiyo hakuonekana. Siku ya tano Rajabu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumgongea, asubuhi, na mfuko wa sukari mkononi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umeridhika?"

"Bado. Lakini mtu aliyeweka kile kijiti asingenionyesha mahali kilipo."

"Hiyo ni akili ya kuanzia," mzee alisema, akatafuta viatu vyake.

Kazi ikarudi uani. Silinda ilipelekwa Tanga mjini kukerezwa, na pistoni ikaletwa kutoka Kariakoo, ya ukubwa wa 0.50, kwa sababu 0.25 isingetosha kufuta ile mikwaruzo. Waya za umeme zilikuwa chakula cha panya, zikavutwa mpya. Ekzosi ilikuwa imeziba masizi hadi tundu la kutokea likabaki la kupitisha kidole. Ikachomwa kwenye moto wa mkaa, ikagongwagongwa, ikatema makapi meusi karai zima. Minyororo ya pikipiki zilizokaa nje miaka yote hiyo huwa ni kutu tupu, lakini huu wa AG100 hufungiwa ndani ya boksi la chuma kwa ajili ya matope ya shambani, na walipolifungua waliukuta bado una grisi.

Rajabu alitaka kupaka rangi. Mzee alimkatalia. Wapo wanaoanza na rangi, na hao huishia kuwa na pikipiki nzuri ya kupigia picha.

Kufunga injini ndiko kulikochukua subira. Mzee aliingiza kila ringi peke yake ndani ya silinda tupu na kupima mwanya wake kwa geji. Akamwonyesha Rajabu mshale uliochongwa juu ya pistoni, kwamba lazima utazame ekzosi, na vile vichuma vidogo kama vichwa vya sindano ndani ya mfereji wa ringi, ambavyo kazi yake ni kuizuia ringi isizunguke ncha yake ikanaswa kwenye tundu la silinda. "Ukikosea hapa injini inawaka vizuri tu," alisema. "Halafu inajivunja yenyewe."

Madereva wa bodaboda walianza kusimama ukutani kutazama. Mmoja aliuliza valvu zimewekwa wapi. Alipoambiwa hazipo, alidhani anataniwa.

Mpira mpya wa oili ulifungwa. Mzee alizungusha kigurudumu cha pampu kwa kidole hadi mapovu yakaisha. Hata hivyo hakuiamini pampu iliyolala miaka mingi kiasi hicho, akaagiza petroli ya kwanza ichanganywe pia kwa mkono. Mwanahawa, ambaye ni muuguzi, alipima kwa bomba la sindano: mililita 50 za oili kwa kila lita ya petroli, lita nne, bila kumwaga.

Rajabu alipanda. Akapiga kiki. Mara ya kwanza hakuna kitu, ya pili ikakohoa, ya tatu kiki ikamrushia mguu nusura imvunje goti, na injini ikawaka.

Uani kulilipuka kelele. Moshi wa buluu ukatanda hadi kwenye mpapai. Ndani ya nyumba, cherehani ikanyamaza.

Rajabu alibana klachi, akakanyaga gia ya kwanza, akaachia. Pikipiki ikarudi nyuma. Haikuteleza, ilikwenda kinyumenyume kwa nguvu zake zote, na yeye juu yake akiwa ametoa macho, mpaka ikaingia ndani ya banda la kuku.

Bodaboda walicheka hadi wakakaa chini. Mzee Kihiyo hakucheka. Alifika, akazima, akachuchumaa upande wa kushoto wa injini.

"Injini hii haina habari inazunguka upande gani," alimwambia Rajabu, aliyekuwa akijitoa manyoya. "Cheche ikiwahi mno, pistoni inapigwa kabla haijafika juu, inarudi ilikotoka, na huko huko inaendelea. Kosa langu lingekuwa kwenye kuipanga cheche. Lakini cheche niliipima."

Aliazima pula kwa fundi wa stendi, akang'oa flaiwili, lile gurudumu zito la sumaku. Kati yake na krenki hukaa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, ambacho kazi yake ni kulishika lisiteleze. Kilikuwa kimekatika katikati.

"Hiki hakikatiki kwa mwendo wa kawaida," alisema polepole. "Injini imesimama ghafla, flaiwili ikataka kuendelea. Alikuwa anakimbia, Rajabu. Baba yako, ambaye tulikuwa tukimtania kwamba anapitwa na baiskeli, alikuwa anateremka Zigi kwenye mvua kwa kasi ambayo sikuwahi kumwona nayo."

"Anakimbilia wapi?"

"Au anamkimbia nani."

*

Jumamosi jioni kipande kipya kilikuwa mahali pake, sili mpya zote mbili zimewekwa, na injini ilizunguka inakotakiwa. Mlio wake ulikuwa ule ule mwembamba, wa kukatakata, ambao watu wazima wa mtaa ule walitoka milangoni kuusikiliza pasipo kusema kitu.

Mzee alikuwa amekwenda kuswali Magharibi. Maagizo yake yalikuwa mepesi: hadi lami na kurudi, usivute resi mpaka mwisho, ukihisi inavuta nzito bana klachi papo hapo. Breki zilikuwa zimewekwa viatu vipya. Oili ilikuwamo tangini, na nyingine imo ndani ya petroli. Kwa upande huo hapakuwa na la kuogopa.

"Kaka, msubiri Babu," Mwanahawa alisema.

"Dakika kumi tu."

Alitoka. Mwanahawa alimfuata hadi getini, akaona moshi ukifika njia panda. Kushoto ni lami. Moshi ulipinda kulia, ukashika barabara ya Amani.

Alirudi mbio kutafuta simu yake. Juu ya benchi, kati ya spana, simu ya Rajabu ilikuwa imelala imejifunika kioo. Na pembeni ya benchi, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu pikipiki itoke bandani, alikuwa amesimama Bi Zuhura. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni. Mkononi alikuwa na kisosi.

"Mama."

Bi Zuhura alikishika kijiti kwa ncha za vidole, akakigeuza, akaukwaruza uzi kwa ukucha. Mwanahawa aliutazama ule uzi mweusi, kisha akatazama kibindo cha mama yake, ambapo sikuzote palikaa kibunda cha uzi na sindano. Mbali, kuelekea mlimani, ule mlio mwembamba ulibadili gia.

"Nani yuko juu ya pikipiki?"

"Kaka. Mama, hiki kijiti..."

"Amekwenda njia gani?"

"Ya Amani."

Kisosi kilianguka. Bi Zuhura alimkamata binti yake mabega yote mawili, akamtikisa.

"Mmekipata kimoja tu?"

ITAENDELEA WIKI IJAYO