Mahaba Yasiyopata Tuzo Katanga

Mtaa wa Golf mjini Lubumbashi, huko Katanga nchini Kongo, una jina la mchezo wa Wazungu, wala si ajabu, kwa kuwa mji wenyewe, ulioasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulikatwa pande mbili tangu uchanga wake: huku makazi ya Wazungu, kule Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, na baina yao ardhi iliyoachwa tupu kwa makusudi. Aliyevuka ardhi ile kila uchao ni boyi, mpishi na mfuaji, ambaye hapana bwana wala bibi aliyemdhania kuwa ni mtu wa kalamu.

Naye alikuwa na kalamu. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitoa taarikh ya mji ule katika kijitabu kilichopigwa taipu na kunakiliwa kwa mashine, jina lake la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini maelezo yake ni Kiswahili cha Katanga kama kilivyo kinywani, maneno mawili pengine yameunganishwa kuwa moja na moja pengine limepasuliwa. Hapana shindano ambalo lingekipokea kijitabu kile.

Maana mashindano yalikuwapo. Mwandishi wa Kongo Paul Lomami-Tshibamba alipata tuzo ya Maonyesho ya Makoloni ya Brussels mwaka 1948 kwa Ngando, hadithi ya mamba na uchawi, iliyoandikwa Kifaransa. Kule pwani ya Afrika Mashariki, shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957-58, lililosimamiwa na East African Literature Bureau, lilimpa ushindi Muhammad Said Abdulla wa Unguja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, nayo ni hadithi ya upelelezi. Mamba katuzwa, na mwuaji katuzwa. Mahaba, ambayo ndiyo mazungumzo ya kila baraza, yakabaki mlangoni. Nadhani waamuzi wa zama zile waliyaona kuwa mambo ya vijana, yasiyo na hadhi ya kitabu.

Huko Katanga mahaba yalipata hifadhi katika gita. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gita Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, sasa Likasi, na wimbo wake Masanga ukapata tuzo ya Osborn ya muziki wa Kiafrika. Na wapiga gita wa Katanga waliimba habari za wanawake, fedha na maisha ya mjini kwa Kiswahili kilekile ambacho mwalimu wa shule angekitia wino mwekundu. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville na mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, aliandika mapenzi ya waziri na msichana wa baa katika Le Bel Immonde, mwaka 1976, ila kwa Kifaransa. Na tuzo ya fasihi ya Kikatoliki aliyokwisha kuipata mwaka mmoja kabla ilikuwa kwa riwaya ya kasisi aliyeingia msituni pamoja na waasi.

Basi si kweli kwamba watu wa Katanga hawakuwa na hadithi za mapenzi, wala kwamba walikosa waandishi. Walichokosa ni mwamuzi anayesoma lugha yao. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kamati iliyoundwa mwaka 1930, hakikuwa chao, na Kifaransa kilikuwa cha waliosoma. Tangu mwaka 2014 iko tuzo iliyoanzishwa kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, ambayo hupokea miswada ya Kiswahili isiyopata kuchapwa, na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Kijana wa Golf mwenye hadithi ya mahaba katika daftari na aipeleke huko. Nao wenye mali wa mtaa huo, ambao hawashindwi kugharimia vikombe vya michezo, na waweke zawadi kwa hadithi bora ya mapenzi katika Kiswahili cha Lubumbashi, na waamuzi wake watoke mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba.