Yangshuo kwa bajeti ndogo: Vilima vya noti ya yuan 20 havina kiingilio

Kama umewahi kwenda Guangzhou kufuata mzigo, au unasoma China, noti ya yuan 20 umeishika. Igeuze nyuma. Ule mto na vile vilima vilivyochongoka ni mto Li, pale karibu na mji mdogo wa Xingping, wilaya ya Yangshuo, eneo la Guangxi. Kutoka Guangzhou ni kama saa mbili na nusu tu kwa treni ya mwendokasi.

Wengi hawafiki. Wanadhani ni safari ya watalii wenye pesa zao, na wakiuliza bei za mawakala ndiyo wanakata tamaa kabisa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mandhari huitolei hata senti. Vilima hivi vya mawe ya chokaa, ambavyo vya eneo la Guilin viliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, vimezagaa kila upande, hadi nyuma ya mashamba ya mpunga. Kinachomaliza pesa ni tarehe uliyochagua, usafiri wa kutoka stesheni, na vivutio ambavyo ungeweza kuviona kwa miguu.

Stesheni ya Yangshuo haiko Yangshuo mjini

Hapa ndipo watu wanapoumia. Treni za reli ya Guiyang–Guangzhou, iliyofunguliwa Desemba 2014, zinasimama kwenye stesheni inayoitwa Yangshuo, lakini stesheni yenyewe iko upande wa Xingping, kama kilomita 30 kutoka mjini. Mchana kuna mabasi ya kwenda kote kuwili kwa nauli ndogo. Ukishuka usiku mambo yanabadilika: basi hakuna, na dereva wa teksi aliyeko nje anajua huna namna.

Kwa hiyo amua mapema utalala wapi. Kwa maoni yangu, mwenye siku mbili tu alale Xingping. Ni karibu na stesheni, ni kimya, na eneo la picha ya noti unalifikia kwa kutembea kando ya mto. Yangshuo mjini kuna Mtaa wa Magharibi, ambao usiku ni muziki na kelele mpaka uchoke. Faida yake ni kwamba uko karibu na mto Yulong na njia za baiskeli.

Kabla hujalipia chumba, tuma ujumbe uulize kama wanapokea pasipoti ya kigeni. Kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na kwa kawaida hoteli ndiyo inayofanya hivyo. Nyumba ndogo za wageni nyingine hazijui utaratibu huo, na hutaki kuligundua hilo ukiwa mlangoni na begi mgongoni. Kitanda kwenye chumba cha kulala wengi kinaweza kupatikana chini ya yuan 80 siku za kawaida. Yuan 1 ni kama shilingi 18 za Kenya, au zaidi ya 300 za Tanzania.

Baiskeli kwanza, mtumbwi baadaye

Kodi baiskeli ya kawaida, ambayo kwa siku nzima haikugharimu sana, kisha fuata njia ya kando ya mto Yulong. Utapita vijiji, mashamba na Daraja la Yulong, daraja la mawe la enzi ya Ming lililojengwa mwaka 1412. Bado linapitika. Hakuna anayekudai kitu kwa kutembea pale.

Sasa hizo rafu za mianzi. Zile za mto Li, kati ya Yangdi na Xingping, si mianzi tena: ni mabomba ya plastiki yenye injini, na bei ni zaidi ya yuan 100 kwa mtu. Za mto Yulong ndizo za mianzi kweli, zinasukumwa kwa upondo na hubeba watu wawili. Kama utalipia kitu kimoja tu safari nzima, lipia hiyo, na mgawane na mwenzako. Ukimwona mzee mwenye ndege wa kuvulia samaki begani, ujue siku hizi wengi wao wanapiga picha na watalii kwa malipo. Ulizeni bei kabla ya kutoa simu, msije mkagombana.

Chakula ni rahisi. Tambi za mchele za Guilin ndizo kifungua kinywa cha huku, na bakuli moja huwa kama yuan 10. Waislamu wawe makini, maana supu yake mara nyingi huchemshwa na mifupa ya nguruwe. Tafuta mgahawa wenye maandishi ya Kiarabu mlangoni, hasa wale wapishi wa tambi za kuvuta kwa mkono. Samaki wa bia, anayetangazwa kila kona, ana ladha lakini huuzwa kwa uzito: hakikisha bei ni ya kilo au ya nusu kilo, kwa sababu Wachina hupima zaidi kwa nusu kilo.

Pesa na tarehe

Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat kabla ya safari. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa mara moja hayana makato ya programu hizo. Yakizidi, wanakata asilimia 3. Beba pia noti ndogo ndogo, maana wauzaji wa vijijini mara nyingi hawana chenji.

Epuka tarehe 1 hadi 7 Oktoba na Mwaka Mpya wa Kichina. Vyumba hupanda bei vibaya sana. Aprili hadi Juni kuna mvua kubwa, na mto ukijaa rafu husimamishwa. Katikati ya Oktoba hadi Novemba ndiyo yenyewe.

Tiketi za treni hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na hufunguliwa siku 15 kabla. Kata ya kurudi siku hiyohiyo unayokata ya kwenda. Treni za Jumapili jioni kurudi Guangzhou hujaa haraka, na ukiikosa, pesa yote uliyookoa kwenye baiskeli inaishia kwenye chumba cha usiku wa ziada.