Kanumba: Nyota Aliyeng'arishwa na Kariakoo

Mwaka 2010, mtu aliyemaliza kutengeneza filamu jijini Dar es Salaam hakuhangaika kutafuta ukumbi wa sinema. Aliipeleka Kariakoo. Kwenye maduka ya mitaa ya Aggrey na Likoma, hatua chache kutoka soko kuu, ndiko makatoni ya DVD yalikofunguliwa, yakahesabiwa, yakafungwa tena na kupakiwa kwenye mabasi ya mikoani. Mwenye duka Mwanza alinunulia hapo, wa Mbeya naye alinunulia hapo, na wapo waliobeba mzigo hadi Kenya, Burundi na Kongo. Jina la mwigizaji Steven Kanumba lilisafiri kwa njia hiyo. Kabla hajawa nyota wa magazeti wala wa tuzo, alikuwa bidhaa inayotoka haraka sokoni, na wauzaji wa jumla walijua hivyo mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Chukua kava la filamu yake yoyote ya miaka ile. Uso wake umejaa karibu nusu ya karatasi, nywele zimenyolewa vizuri, macho yanakutazama wewe unayepita. Jina la filamu limeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi nene zenye kivuli: Oprah, Red Valentine, Village Pastor, Young Billionaire, Devil Kingdom. Chini yake zimepangwa picha ndogo ndogo za waigizaji wengine, nyumba ya ghorofa, gari la kifahari, labda mwanamke anayelia. Pembeni kuna nembo ya msambazaji, na kwenye kona imeandikwa kama hiyo ni sehemu ya kwanza au ya pili, kwa sababu hadithi moja iliuzwa mara mbili. Ukinunua ya kwanza tu, unalala na kiherehere cha kujua mwisho wake.

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alisoma huko kabla ya kuhamia Dar es Salaam kuendelea na masomo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akajiunga na kikundi cha maigizo cha Kaole Sanaa Group. Kwa aliyekuwa na umri wa kukaa mbele ya televisheni wakati huo, Kaole haihitaji kuelezwa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake hadi mwaka 1994, vituo kama ITV vilipoanza kurusha matangazo, na michezo ya kuigiza ya Kiswahili ikawa ndiyo saa ya familia. Nyumba yenye televisheni iligeuka ukumbi. Majirani walijaa hadi mlangoni, watoto wakakaa chini. Kaole ndiyo iliyowatoa Vincent Kigosi, yaani Ray, Blandina Chagula tunayemwita Johari, Muhsin Awadh maarufu kama Dk. Cheni, na wengine wengi. Kanumba alionekana kwenye tamthilia za Jahazi na Dira, na hakuchukua muda watu wakaanza kumwita barabarani kwa majina ya wahusika aliowaigiza.

Hata hivyo, kiu ya filamu Dar es Salaam ni ya zamani kuliko televisheni. Kuanzia enzi za ukoloni mji ulikuwa na kumbi zake: Empire, Empress, Avalon, Odeon, baadaye Amana kule Ilala, na mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In njia ya Msasani, pale ulipo leo ubalozi wa Marekani, ambako familia ziliegesha magari na kutazama picha kwenye kiwambo cha wazi. Wenye kumbi wengi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia, na picha za Kihindi ndizo zilizojaza viti. Raj Kapoor alipendwa Unguja na Dar es Salaam kama mtoto wa nyumbani. Wanawake wa uswahilini walizijua nyimbo za picha hizo bila kujua neno moja la Kihindi. Walichokielewa ni mapenzi yanayozuiwa na wazazi, mama mgonjwa, ndugu waliopoteana, na mwisho unaomliza hata mwanamume mzima. Baada ya kumbi kuchakaa na kufungwa, kiu hiyo ilihamia kwenye kanda za video na vibanda umiza vilivyozionyesha, na wakatokea watafsiri waliosimulia picha za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kanda zilizobeba sauti yake ziliuzwa Kariakoo, na mashabiki walinunua kanda kwa ajili yake, hata kama picha yenyewe walikwisha kuiona.

Ninayasema haya kwa sababu wapo wanaomtazama Kanumba kama mwiga wa Wanigeria tu. Ni kweli kwamba filamu za Nollywood zilifurika Kariakoo mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuwafundisha vijana wetu kwamba kamera ya kawaida na nyumba ya kuazima vinatosha kutengeneza filamu. Mwaka 2003 George Tyson alitoa Girlfriend, iliyowaweka wasanii wa Bongo Fleva mbele ya kamera, na wafanyabiashara wakaona kwamba filamu ya Kiswahili inalipa. Ila mtazamaji aliyenunua filamu ya Kanumba alikuwa mjukuu wa yule aliyelilia picha za Kihindi pale Avalon. Alitaka machozi yale yale, safari hii kwa lugha yake na kwa sura ya kijana anayefanana na kaka yake.

Naye Kanumba alijua kulia. Hiyo ndiyo sifa ambayo mashabiki wake wanaitaja kwanza hadi leo, na wana haki. Wengi wa rika lake walipaza sauti wakidhani ndiyo hisia. Yeye aliweza kunyamaza mbele ya kamera, akauacha uso ufanye kazi, kisha chozi likashuka taratibu bila kulazimishwa. Kwa maoni yangu alikuwa hodari zaidi alipoigiza na watoto. Filamu za Uncle JJ na This Is It, alizowashirikisha watoto waliojulikana kwa watazamaji kama Jennifer na Patrick, zina wepesi ambao filamu zake za matajiri hazina. Mbele ya watoto anaacha kujionyesha. Anasikiliza, anatania, anakubali kushindwa. Familia nyingi zilinunua DVD hizo kwa ajili ya watoto wao, na wazazi wakajikuta nao wamekaa kutazama.

Safari ya kuelekea Lagos ilianza kwa filamu ya Dar 2 Lagos mwaka 2006, iliyoongozwa na Femi Ogedegbe na kumkutanisha Kanumba na waigizaji wa Nigeria, akiwemo Mercy Johnson. Miaka mitano baadaye mambo yakageuka: katika Devil Kingdom ni Ramsey Nouah, nyota mkubwa wa Nigeria, aliyekuja kuigiza huku. Hapo katikati, mwaka 2008, Kanumba alishaanza kutoa kazi kwa jina la kampuni yake mwenyewe, Kanumba the Great. Wapo waliomwona anajikweza kwa jina hilo. Mimi naona alikuwa amelielewa soko vizuri. Mnunuzi wa Kariakoo hakuuliza mwongozaji ni nani. Aliuliza kama Kanumba yumo.

Mwaka 2009 alialikwa kuitembelea nyumba ya kipindi cha televisheni cha Big Brother Afrika, na Kiingereza chake kikawa kichekesho cha nchi nzima. Alisemwa vijiweni, alisemwa redioni, alisemwa na watu ambao wenyewe wasingeweza kusimama mbele ya Afrika nzima na kuomba maji kwa lugha hiyo. Lilikuwa jambo la aibu kwetu, si kwake. Kijana aliyetoka Shinyanga akafika pale kwa kazi yake tulimpima kwa vitenzi vya lugha ya kigeni. Hakujificha. Aliendelea kuzipa filamu zake majina ya Kiingereza na kuziwekea tafsiri chini ya picha, kwa kuwa alitaka zivuke mipaka.

Fedha nayo ina historia yake. Mtengenezaji wa filamu alikuwa akifika kwa msambazaji na kazi iliyokamilika, wanakubaliana bei, analipwa kwa mkupuo na kuondoka. Haki zote zilibaki dukani. Nakala elfu moja au laki moja zikiuzwa baada ya hapo, yeye haongezewi kitu. Kampuni ya Steps Entertainment ndiyo iliyolitawala soko hilo kwa miaka mingi, ikiwafunga nyota wakubwa kwa mikataba, Kanumba na Ray wakiwemo. Siwalaumu wafanyabiashara peke yao. Walihatarisha mitaji wakati hakuna benki wala serikali iliyojali, na mtandao wao wa mabasi na maduka ndio uliozifikisha filamu hadi Kigoma na Songea. Lakini mfumo huo ulimlazimisha msanii kutoa filamu baada ya filamu bila kupumua, na mapengo ya hadithi zile, sauti inayokatika, mandhari ya nyumba moja iliyotumika mara kumi, yote yanatokana na mbio hizo. Nje ya maduka hayo hayo, wachakachuaji waliuza DVD moja iliyobanwa filamu nyingi kwa bei ya soda.

Barabara zilizouza filamu ndizo zilizouza magazeti ya udaku, na hapo maisha ya Kanumba yakawa bidhaa ya pili. Uhusiano wake na Wema Sepetu, Miss Tanzania wa mwaka 2006 aliyeingia kwenye filamu akiwa pamoja naye katika A Point of No Return, uliandikwa kama mpira wa Simba na Yanga, kila wiki na matokeo yake. Msomaji alinunua gazeti asubuhi na filamu jioni, akamtafuta mtu yule yule katika vyote viwili. Sidhani kama kijana wa miaka ishirini na kitu aliwahi kufundishwa namna ya kuishi hivyo.

Usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, Kanumba alifariki dunia nyumbani kwake Sinza. Alikuwa na miaka 28. Aliyekuwa naye ni mwigizaji Elizabeth Michael, Lulu, aliyekua mbele ya kamera tangu utotoni na ambaye bado alikuwa mdogo kiasi kwamba umri wake wenyewe ukawa hoja mahakamani. Alishtakiwa kwa mauaji, shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na mapema mwaka 2013 akapewa dhamana. Akiwa nje kwa dhamana alikwenda Lagos mwaka 2016 na filamu yake ya Mapenzi ikashinda tuzo ya AMVCA ya filamu bora ya Afrika Mashariki. Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu miaka miwili, na Mei 2018 akatolewa kumalizia adhabu yake nje ya gereza. Sheria ilifika mwisho wake. Vijiwe havijafika, na binti huyo amebebeshwa maneno mengi kuliko hukumu yenyewe.

Mazishi ya Kanumba yalikuwa Jumanne, tarehe 10 Aprili 2012. Umati uliofurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, haukuwa umewahi kuonekana kwa msanii nchini. Makamu wa Rais, Dk. Mohamed Gharib Bilal, alikuwepo, watu walizimia, na njia ya kwenda makaburini Kinondoni ikafurika waombolezaji. Kusini mwa India wanaujua msiba wa aina hiyo. M. G. Ramachandran, mwigizaji wa filamu za Kitamil aliyekuja kuwa waziri kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu, alipofariki mwaka 1987, jiji la Madras lilisimama. Yeye alikuwa na chama, serikali na miongo ya kazi nyuma yake. Kanumba alikuwa na miaka kumi tu na DVD za Kariakoo.

Baada yake soko liliporomoka haraka. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki, uchakachuaji ukaendelea, na Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana hadi Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi. Wakati huo simu ilikwishaanza kuiua DVD. Waigizaji wakahamia kwenye tamthilia za Maisha Magic Bongo na chaneli za Azam, na Aggrey ya leo ni mtaa wa simu, chaja na kava za simu.

Kinachonikera ni kwamba filamu nyingi za kipindi hicho zinapatikana kwa bahati tu: nakala iliyokwaruzika kwenye droo ya mtu, au video yenye ukungu iliyopandishwa mtandaoni na asiye na haki nayo, mara nyingi sehemu ya kwanza bila ya pili. Kumbi za Avalon na Empire zilishaandikiwa vitabu na wanahistoria. Maduka ya Likoma hayajapata hata kabati moja la makumbusho. Nakala safi za Dar 2 Lagos, Oprah na Uncle JJ, pamoja na makava na mabango yake, zingeweza kukusanywa sasa na Maktaba ya Taifa au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana wengi waliozipiga picha, kuzihariri na kuziuza bado wapo mjini, na wanakumbuka nani alilipwa nini na kwa kazi ipi.